Bonyeza Sifuri Ujibiwe

Mama yangu, Mama Marsiana wa Chala, alikuwa na tabia ya kuwaambia watu nje ya kanisa kwamba mwanawe ni simu. Si kwamba ana simu, wala kwamba anafanya kazi kwenye simu. Ni simu. "Herieth wangu ndiye simu ya kampuni kule Sumbawanga," anasema, anajifunga kitenge upya, na wenzake wanabaki kujiuliza kama nalala mezani nikiwa nimechomekwa ukutani.

Hakukosea sana. Kampuni yenyewe iliitwa Wilibrodi na Wanawe, ingawa Mungu alimpa Mzee Wilibrodi mabinti watupu, na hakuna hata mmoja aliyetaka kunusa mbolea. Tuliuza pembejeo: mbegu, mbolea, dawa za mifugo. Simu ya mezani ilikuwa moja, na aliyekaa mbele yake ni mimi. Mtu akitaka bei ya mbegu, namjibu mwenyewe. Akitaka ghala, natoa kichwa dirishani na kupiga kelele uani: "Baba Urbanooo! Simuuu!" Urbano, mtunza ghala wetu, ana mwendo wa mtu anayesindikiza maiti, kwa hiyo mpaka aufikie mkonga wa simu, mteja keshakata. Wengine nadhani walikuwa wameshavuna.

Enzi za ushirika mteja angesubiri, maana angekwenda wapi? Lakini hii ilikuwa miaka ya biashara huria. Maduka ya pembejeo yalikuwa yameota kila kona ya mji, na kampuni za simu zilishindana kupaka rangi kuta, mpaka choo cha stendi kilikuwa na tangazo la vocha. Mfugaji wa Bondeni mwenye simu yake ya mkononi akikosa jibu kwetu, anampigia jirani yetu hapo hapo, bila hata kubadili mguu. Jambo hilo lilimnyima usingizi Mzee Wilibrodi, na Mzee Wilibrodi asipolala, hakuna anayekunywa chai kwa amani.

Ndipo akaja Sayi. Kijana wa Kisukuma, kwao Milepa huko Bondeni, chini Bonde la Rukwa, ambako wazazi wake walihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga. Alikuwa amesomea kompyuta Mbeya, akarudi na begi limejaa nyaya kama mtu aliyeng'oa matumbo ya redio.

"Mzee, nina programu ya simu za ofisini," akasema. "Naiweka kwenye kompyuta yoyote, hata ile kuukuu unayowekea chupa ya chai. Simu ikipigwa inapokea yenyewe, inamkaribisha mteja, inamwambia abonyeze. Moja mbegu, mbili dawa za mifugo, tatu ghala. Inampeleka mpaka kwenye meza ya mhusika. Hakuna tena kupigiana kelele uani."

"Bei gani?"

"Programu ni bure. Ni programu huria."

Mzee aliposikia neno bure alivua miwani, kama mtu anayeingia mahali patakatifu. Halafu akashtuka. "Bure kivipi? Ya wizi?"

"Hapana, mzee. Walioitengeneza wameiacha wazi makusudi. Unaona ndani ilivyosukwa, isipokufaa unaibadilisha, ukipata kitu kizuri zaidi unawapa na wengine. Mimi utanilipa kazi ya kuifunga tu."

"Kama pombe ya ulezi," nikachomekea. "Hakuna bibi aliyeiandikisha kuwa yake. Kila mtu anajua inavyopikwa, na kila nyumba ina ladha yake."

Sayi akanigeukia. "Umeielewa haraka kuliko mwalimu wangu, dada. Wewe ungefaa sana ku—"

"Huyu," Mzee Wilibrodi akamkatiza, "ndiye atakayepumzika."

Mzee akaanza kunieleza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Mashine haiugui. Mashine haichelewi. Mashine haicheki.

"Kwani mimi nacheka, mzee?"

"Unacheka mno kwenye simu, Herieth. Mteja anapiga kuuliza mbolea, unamaliza unajua mpaka jina la mbuzi wake."

Mpango ukawa huu: msimu wa mbegu ukifunguliwa Jumatatu, mashine ianze kazi. Ikienda vizuri mpaka Jumamosi, mimi nirudi Chala nikamsaidie mama. Kumsaidia mama maana yake ni kufukia majani kwenye matuta na kung'oa magugu kwenye ulezi, kazi ambayo mgongo wangu uliiaga rasmi siku nilipomaliza kidato cha nne. Nikasema "Sawa, mzee." Sauti ilitoka ndogo kama ya kifaranga. Njia nzima ya kurudi nilikopanga nilikuwa nawaza jinsi ya kumwambia mama kwamba simu yake imekatwa.

Ijumaa ilikuwa siku ya kurekodi sauti ya mashine. Mzee Wilibrodi alisema itakuwa sauti yake, hakuna mjadala. Shida ni kwamba mzee ni msomaji wa kanisani. Kila akishika kipaza sauti anasimama wima, anakohoa mara mbili, na mbolea inageuka somo la Jumapili. "Ndugu mteja," akasoma, "karibu katika kampuni ya Wilibrodi na Wanawe." Mimi na Urbano tulikaribia kuitikia "Tumshukuru Mungu."

"Legea kidogo, mzee," Sayi akambembeleza. "Hii ya sasa tunapima sauti tu. Sema chochote."

Sasa, Wafipa na Wasukuma ni watani, na ukimwambia Mfipa aseme chochote mbele ya Msukuma, umejitakia. Mzee aliegemea kiti, akamtazama Sayi, na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ofisini akasema:

"Hapa ni Wilibrodi na Wanawe. Mfipa mwenzangu, karibu, bonyeza moja upate mbegu. Msukuma, bonyeza mbili upate dawa ya ng'ombe. Kama hujui mbili iko wapi, mwulize ng'ombe wako, yeye ndiye aliyekwenda shule. Na wewe unayetaka ghala, bonyeza tatu. Urbano atafika kabla ya Pasaka."

Sayi alicheka mpaka akashika meza. Urbano hakucheka, lakini nilimwona anafikiria. Kisha mzee akarudi kwenye ukali wake, akarekodi zile za kanisani tena na tena, mpaka koo likamkauka. Akasimama, akavaa koti, akamwambia Sayi, "Chagua mwenyewe iliyo bora, uiweke," akaenda zake nyumbani.

Sayi akachagua iliyo bora.

Jumatatu asubuhi nilitoka nje nikapiga namba ya ofisi kwa simu yangu ya mkononi, nione mrithi wangu anavyofanana. Nilipofika kwenye ng'ombe aliyekwenda shule ilibidi nijishike mdomo. Nikakimbilia ndani.

"Sayi! Umeweka ile ya utani!"

"Mzee alisema iliyo bora," akajibu, macho makavu. "Zile nyingine alikuwa anazika mtu."

"Atakuua."

"Mtani hauawi, dada. Akikasirika, ameshindwa yeye."

Ningeweza kwenda kumwambia mzee. Sikwenda. Nilijiambia, wateja watanuna, mashine itafukuzwa, na mimi nitarudi kwenye kiti changu nikiwa na sura ya huruma. Basi nikakaa kwenye benchi la wateja, nikafungua karanga, nikangoja watu wachukie.

Hawakuchukia! Simu zilimiminika. Watu walikuwa wanapiga, wanasikiliza, wanakata, wanampigia shemeji naye asikilize. Kwa kuwa wameshapiga, wananunua. Namba tatu ililia mpaka Urbano, aliyekuwa amewekewa simu yake ghalani, akaanza kutembea haraka, jambo ambalo mke wake mpaka leo haamini. Mzee Wilibrodi, ambaye ndani ya ofisi hakuweza kusikia kile wanachosikia wapigaji wa nje, alitoka akisugua viganja. "Mnaona? Sauti ya heshima inavuta wateja." Karanga zikanikwama. Hata ilipokosea, ile mashine ilinishinda.

Jumanne mchana pikapu ilisimama mbele ya duka, akashuka Mzee Bundala.

Bundala wa Milepa alikuwa mwenyekiti wa wafugaji wa Bondeni. Dawa yote ya kuogeshea ng'ombe wa huko ilipita kwenye neno lake: akisema nunueni pale, wananunua pale. Alikuwa na kofia pana, koti alilovaa kwa ajili ya baridi yetu, na fimbo iliyong'aa kwa kushikwa. Nyuma yake wakashuka vijana wake wawili wenye vifua vya milango.

"Mwangaluka!" akanguruma kwa salamu ya Kisukuma. Duka zima likaitika. "Namtafuta Mfipa aliyeko ndani ya simu."

Mzee Wilibrodi akatoka amechanua. "Karibu, mtani wangu! Mashine yetu mpya umeionaje?"

"Nimekuja niione vizuri." Bundala akatoa simu yake, akapiga namba yetu, akabonyeza ya kupaza sauti, akaiinua juu kama mtu anayeuza dawa mnadani. Sauti ya Mzee Wilibrodi ikatoka, shwari kabisa: "...mwulize ng'ombe wako, yeye ndiye aliyekwenda shule..."

Nimewahi kuona anga la Ufipa likibadilika mwezi wa kumi na moja. Uso wa mzee ulifanya hivyo, tena bila ngurumo. "Sayi," akasema taratibu.

"Ulisema nichague iliyo bora, mzee."

"Mwache kijana," Bundala akasema. "Kutaniwa nimetaniwa vizuri, hapo sina kesi. Kesi yangu ni hii. Mimi nilimjibu! Nikamwambia, we Mfipa, simu umeipata wapi, si juzi tu mlikuwa mnatumiana radi za uchawi? Akaniambia, mwulize ng'ombe wako. Nikamjibu tena, nikampa nzuri kuliko ya kwanza. Akaniambia, mwulize ng'ombe wako. Wilibrodi, nilikuwa nimesimama juu ya kichuguu, maana kwetu mtandao unashika hapo tu, wake zangu na wafugaji wote wananitazama kutoka chini, natukanwa na mtu asiyesikia! Mpaka vocha ikaisha! Mtani anayetania halafu hapokei majibu si mtani. Ni jeuri."

Watu dukani walikuwa wameanza kucheka, na mzee alijua sheria: akinuna mbele yao, mji mzima utajua kwamba Wilibrodi kashindwa utani. Akajilazimisha tabasamu. "Basi mtani, unataka nini?"

"Namchukua. Mtakuja kumkomboa Milepa."

Vijana wake wakachomoa nyaya, wakabeba kompyuta na kioo chake, wakaipakia kwenye pikapu na kuifunika turubai. Hakuna aliyewazuia, kwa sababu ndivyo watani walivyo: anachukua chako mchana kweupe, na wewe unamfungulia mlango. Sayi aliunganisha upya simu ya mezani. Ikalia papo hapo. Wote wakanitazama.

"Haloo, Wilibrodi na Wanawe," nikasema, nikakaa kwenye kiti changu. Jamani, kiti kile kilikuwa kitamu.

Utamu ulidumu simu tatu. Kila mpigaji alikuwa anauliza, "Yule mzee wa matusi yuko wapi?" Nikisema hayupo, naisikia sauti inanyong'onyea. Mmoja wa Laela akakataa kabisa kuagiza mbolea mpaka atukanwe. Nikatazama huku na huku, nikakohoa, nikaiga sauti ya mzee: "Wewe wa Laela, mbolea unataka ya nini, wakati shamba lako hata kunguru wanalionea huruma?" Akacheka, akaagiza. Na wa pili hivyo hivyo. Kuanzia hapo nilifanya kazi ya mashine kwa mdomo wangu, na pale wateja waliponijibu, nikawarudishia. Mlango wa mzee ulikuwa wazi kidogo. Sikuuona.

Kesho yake akaniita. "Twende Milepa. Mimi na Sayi na wewe."

"Mimi, mzee? Unataka nikakomboe jembe la kunirudisha Chala?"

Akatazama dirishani. "Mimi mbele za watu naishia kusoma," akasema. "Panda gari."

Tuliteremka Bondeni na gunia la ulezi, zawadi ya kukombolea. Kadiri barabara ilivyoshuka ndivyo tulivyovua: kwanza koti, halafu sweta, na pale Milepa mzee alibaki na shati lililolowa. Tulimkuta Bundala amekaa kivulini na watu tele. Katikati, juu ya kigoda, ilikuwa mashine yetu. Alikuwa ameifunga kamba kama ndama, mbele yake karai la maji na fungu la majani mabichi.

"Haijala tangu jana," Bundala akalalamika. "Nadhani inadeka."

Nikapiga goti nikamwamkia shikamoo, maana utani haufuti adabu. "Marahaba, binti. Haya, Wilibrodi. Leo nakuona na masikio yako unayo. Zamani mlituma radi, sasa mnatuma simu. Kipi kina nafuu?"

Mzee akasimama. Akakohoa mara mbili. "Ndugu mwenyekiti," akaanza, na nikaona watu wanatazamana. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye nyusi. Kama angeendelea, tungemaliza kwa sala. Mdomo wangu ukanitangulia.

"Radi ilikataa kuja, mzee. Ilifika pale mlimani ikasikia harufu ya beberu, ikarudi. Tukatuma simu kwa sababu haina pua."

Kivuli kizima kikalipuka. Bundala akaegemeza fimbo, akanigeukia vizuri. "Ahaa! Huko kwenu kwenye baridi, si mnaoga Krismasi kwa Krismasi?"

"Sisi angalau tuna sikukuu ya kuoga. Ninyi mnaogesha ng'ombe kila wiki, wenyewe mnasubiri mvua."

"Ng'ombe wangu waache! Wana akili kuliko kijiji chenu kizima!"

"Tunajua, mzee. Ndiyo maana tulisema uwaulize."

Fimbo ilianguka. Bundala alicheka mpaka mke wake mkubwa akamletea maji. Alipopata pumzi akauliza, "Wilibrodi, huyu anafanya kazi gani kwako?"

"Alikuwa..." Mzee akasita. "Anapokea simu."

"Alikuwa, au anapokea?"

Nilitazama lile karai la maji. Wiki yangu ilikuwa inaisha Jumamosi, na Sayi ndiye aliyemwambia Bundala kwamba mashine inachukua kiti changu.

"Kumbe!" Bundala akasema. "Una mmoja anayesikia na mmoja kiziwi, na unayemfukuza ni anayesikia? Basi ulezi wako nitaunywa tu, lakini haumkomboi. Fidia yangu ni hii. Chukua kiziwi wako, lakini nyuma yake mweke huyu binti. Nikishatukanwa na wewe, nipate pa kujibia. La sivyo dawa tutanunua kwa jirani yako, ingawa hajui hata kutukana."

Mzee alijifuta uso. Akanigeukia. "Jana ulikuwa unaniiga," akasema.

"Samahani, mzee."

"Umeniiga vibaya. Mimi nakohoa mara mbili. Wewe ulikohoa mara moja." Halafu akamgeukia Sayi, amekunja uso wa kazi. "Lakini mashine ina namba tatu tu. Tutawaandikia walioitengeneza?"

"Kuwaandikia kwa nini? Huria, mzee. Sifuri iko tupu." Sayi alikuwa ameshafungua kamba. Bundala akawasha jenereta ambayo kijiji kizima huchajia simu, kioo kikawaka, na wazee wakainama kutazama maandishi yakipanda, kama watu wanaochungulia ndani ya chungu. Sayi alinionyesha mstari wa kuongeza. Niliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, nikikosea na kufuta, na hakuna polisi aliyekuja. Kisha mzee akarekodi kipande kipya, safari hii akimtazama Bundala machoni, kwa hiyo hakukumbuka kabisa kuwa kanisani:

"Na ukiwa na la kunijibu, bonyeza sifuri. Kuna binti wa Chala pale. Usije ukasema hukuonywa."

Bundala akakataa kuachia kipaza sauti mpaka naye aongeze lake: "Na Mfipa ukipiga, radi iache nje." Lipo mpaka leo.

Jumamosi ilikuja, ikapita, mimi nikiwa kwenye kiti. Jumapili nikaenda Chala kumweleza mama kwamba kazi yangu imebadilika kidogo. Nilichora mpaka chini kwa kijiti: mashine hapa, mbegu hapa, Baba Urbano hapa, mimi huku mwisho. Alisikiliza kwa makini sana. Baada ya misa nikamkuta amezungukwa na wenzake, anajifunga kitenge upya.

"Usimu ameuacha," alikuwa anawaambia. "Sasa hivi Herieth ni sifuri."

Wenzake wakanitazama kwa huruma. Mmoja akanishika mkono akaniambia nisikate tamaa, Mungu yupo. Sikubishana naye. Nilimpa namba ya ofisi, nikamwambia apige Jumatatu.